Panapoitwa Patupu: Ndege wa Mombasa na Pwani ya Jirani



Atakaye kuwaona ndege wa Mombasa aulize kwanza maji yanajaa saa ngapi. Mvuvi hatoki nyumbani bila kulijua hilo, na mtazamaji wa ndege naye hana budi alijue. Matope ya mkono wa bahari wa Tudor yanaweza kuwa na ndege chungu nzima saa nne asubuhi, na saa kumi alasiri usimwone hata mmoja, kwa sababu matope yenyewe yamefunikwa. Mgeni aliyefika alasiri ataondoka akisema hapa hapana kitu, kumbe amekosea saa, hakukosea mahali.

Nimeombwa nitaje mahali pazuri pa kutazama ndege katika mji huu na viungani mwake. Nitapataja, nikianzia ndani ya kisiwa, kisha nishuke kusini hadi Gazi, halafu nipande kaskazini hadi ng'ambo ya mto Sabaki. Lakini kuna jambo moja nataka mlishike tangu sasa. Karibu kila mahali nitakapopataja pamewahi kuhesabiwa kuwa hapana faida: matope yanayonuka, kichaka kisichopitika, kinamasi cha msimu, machimbo yaliyokwisha kazi, mlango wa mto uliojaa mchanga. Apimaye thamani ya ardhi kwa majengo huandika kwamba hapo pako wazi, panangoja mwenye mtaji. Ndege wanatoa ushahidi mwingine. Wao hawasafiri maelfu ya kilomita kufuata mahali pasipo na chakula wala usalama. Walipo wengi, na wa aina nyingi, ujue pana kazi kubwa inayofanyika ardhini na majini, tuione tusiione.

Saa ya maji na msimu wa pepo

Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati yake huja maji mafu. Hapa Mombasa, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wanaofuata pweza miambani wanaijua hesabu hii kwa moyo.

Kwa mtazamaji wa ndege, faida yake ni hii. Maji yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika kwenye matope mapana, wako mbali, na hata kwa darubini unaona vidoa tu. Maji yanapopanda huwasogeza kidogo kidogo kuelekea nchi kavu, nao wanakula kwa haraka kabla meza haijafunikwa. Saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa ndio wakati wa kuketi kimya mahali pamoja na kuwaacha wakujie. Tena ufukwe wetu wa bahari kuu unatazama mashariki. Alasiri jua linakuwa mgongoni mwako na linawaangaza ndege usoni, rangi ya miguu na umbo la mdomo vikaonekana vizuri. Kwa hiyo alasiri ya bamvua ni zawadi: maji na mwanga vimekutana wakati mmoja. Jedwali la maji hutolewa kila mwaka na Halmashauri ya Bandari, na asiye na jedwali amuulize mvuvi yeyote.

Baada ya saa ya maji kuna msimu wa pepo. Upepo wa kusi unapoanza kulegea, kuanzia Agosti na Septemba, huwasili ndege wa kaskazini: vitwitwi wa aina nyingi, sululu wenye midomo mirefu iliyopinda chini, na wengineo waliozaa katika kiangazi kifupi cha Siberia na pwani za bahari ya barafu. Mmoja wao ni kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo, anayejulikana kwa jina la kisayansi la Calidris ferruginea. Uzito wake ni gramu 60 hivi, nao umbali kutoka hapa hadi Siberia ya kaskazini anakozalia unazidi kilomita 8,000. Hukaa nasi miezi yote ya kaskazi akila minyoo na vijidudu vya matope. Kufikia Aprili ananenepa, kifua kinageuka rangi ya matofali, kisha anaondoka. Mafuta yanayombeba hadi kule yametokana na matope yetu.

Wengi hudhani wageni hao wakishaondoka ndege wamekwisha hadi mwaka ujao. Sivyo. Kusi nayo ina wageni wake. Kutoka Madagaska huja ndege wa mabawa marefu anayekamata wadudu angani kama mbayuwayu, Glareola ocularis, akakaa nasi takriban kuanzia Aprili hadi Septemba. Kutoka kusini huja ndege wa msituni mwenye kifua cheupe chenye madoadoa meusi, Geokichla guttata. Kaskazi ina wake, kusi ina wake. Pwani hii haina msimu mtupu.

Ndani ya kisiwa

Si lazima kupanda matatu kwenda mbali. Mji wa Kale na kuta za Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, zina ndege wadogo weusi wanaofanana na mbayuwayu, wenye kiuno cheupe, wanaoruka makundi makundi wakipiga kelele nyembamba jioni. Mtu anayesubiri kivuko cha Likoni atazame juu: mwewe wako pale mwaka mzima, na miezi ya kaskazi huongezeka shakwe wa kijivu wanaotoka upande wa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Oman. Upande wa Tudor na Mikindani, panapobaki mikoko, kuna yangeyange, sululu na mdiria, ijapokuwa mikoko hiyo imekatwa sana kwa kuni na mkaa, na maji machafu ya mji huingia humo.

Yuko ndege mmoja ambaye hahitaji kutafutwa. Kurabu, yule kunguru mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji wa pwani hii. Alitoka Bara Hindi, akaletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa matumaini kwamba angesaidia kula taka za mji, kisha akaenea bara na kufika Mombasa kabla ya katikati ya karne iliyopita. Taka alizila kweli. Lakini alikula pia mayai na makinda ya ndege wengine, na mitaa mingi iliyokuwa na chozi na mnana katika miti ya uani leo ina kurabu peke yake. Mwaka wa 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kurabu milioni moja, wakati hoteli, wakulima na wafugaji wa kuku wakilalamika. Siupingi mpango wa kuwapunguza, kwa kuwa madhara yao ni makubwa. Nasema tu kwamba sumu bila kuzoa taka ni kazi ya kurudiwa kila baada ya miaka michache. Kurabu wanaongezeka kwa kadiri ya chakula tunachotupa.

Hapo ndipo pa kujifunza. Tukitafuta mahali palipo patupu kweli katika mji huu, ni jaani. Pana ndege wengi, lakini karibu wote ni wa aina moja, nao wanawafukuza wengine. Ukiona eneo lina ndege elfu wa aina moja, usilisifu upesi. Ulizia wale wengine wamekwenda wapi.

Machimbo ya Bamburi

Kilomita chache kaskazini mwa kisiwa, kando ya barabara ya Malindi, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950 na kuacha shimo jeupe lenye joto kali, maji ya chumvi chini, na hakuna hata nyasi. Mwaka wa 1971 mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kiwanda hicho, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizozipanda, tatu tu zilivumilia, na iliyofanya kazi kubwa ni mvinje. Tatizo likawa kwamba majani membamba ya mvinje hayaozi upesi, yalirundikana chini bila kuwa udongo. Haller akaleta jongoo wakubwa wa pwani, nao wakayala majani na kuyageuza mbolea. Udongo ukaanza, miti mingine ikashika, mabwawa yakachimbwa kwa ajili ya samaki, na ndege wakaja wenyewe.

Leo hapo panaitwa Haller Park, na ni mahali pazuri pa kumleta mtoto kwa mara ya kwanza. Njia ni tambarare, kivuli kipo, na kwenye mabwawa utawaona mdiria, korongo, yangeyange na minana wanaosuka viota juu ya maji. Atakayeona miti hiyo anaweza kufikiri ni msitu wa kale. Ni vizuri aambiwe kwamba palikuwa shimo, ili ajue kwamba hata ardhi tuliyoiharibu haijafa, ikipata mtu mwenye subira na maarifa. Ila asidhani pia kwamba kila kitu hurudi. Ndege adimu wa misitu ya pwani, nitakaowataja hivi punde, wanahitaji msitu ule wa asili, wenye miti yake na udongo wake.

Kusini: vilima, kaya na mikoko

Ukivuka Likoni na kupanda kuelekea Kwale, unafika Shimba. Vilima hivi vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1968, na wengi huvijua kwa palahala, ambaye nchini Kenya hapatikani porini mahali pengine. Mtazamaji wa ndege aende asubuhi mapema, wakati ukungu wa baharini bado unaning'inia mitini. Atamsikia shorobo kabla hajamwona, sauti nzito ya kukoroma kutoka juu ya mti. Ndege huyo akiruka ndipo atamtambua, kwa kuwa mwili wake ni wa kijani na mabawa yakifunguka ni mekundu sana. Hondohondo wakubwa hupita kwa jozi na makundi wakilia kama watoto. Na juu yao wote kuna tai mwenye kishungi, anayewinda nyani wadogo na paa, na ambaye hawezi kuishi isipokuwa penye miti mikubwa ya kujengea kiota.

Chini ya vilima, pwani ya Diani, iko Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa mwaka wa 2008 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaya si bustani. Anayeingia hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, hufuata mwongozaji, hachukui hata jani, na hasemi kwa sauti ya sokoni. Masharti hayo yaliwekwa kwa heshima ya makaburi na maombi, na yamelinda miti kwa karne kadhaa vizuri kuliko uzio wowote. Ardhi ya Diani imekwisha kuwa hoteli na kuta. Katikati yake kaya inasimama na hondohondo wake, kwa sababu wazee walikuwa na jibu walipoulizwa pale pana nini.

Ukisonga mbele hadi Gazi, utakuta hori lenye mikoko inayotunzwa na wanakijiji kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu mwaka wa 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na mapato yamelipia maji na vifaa vya shule. Wanawake wa Gazi wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, ambayo mgeni huilipia. Humo utawaona mdiria na vitwitwi kwa karibu, na fedha yako itabaki kijijini.

Kaskazini: Kilifi na Mida

Sasa twende kaskazini, ambako nitakawia zaidi. Ukifika Kilifi kati ya Novemba na Machi, jipange uwe kando ya hori jua linapokaribia kuzama. Keremkerem wekundu, waliozaa mbali kaskazini katika ukanda unaoanzia Senegali hadi Ethiopia na Somalia, huja kulala kwenye mikoko kwa maelfu. Huja mkondo baada ya mkondo, wanazunguka juu ya maji, kisha wanateremka mitini kwa pamoja. Mchana kutwa walikuwa mashambani wakila nyuki, panzi na kumbikumbi.

Mbele zaidi, karibu na Watamu, ni hori la Mida. Kama mtu angekuwa na siku moja tu ya kutazama ndege katika pwani nzima ya Kenya, ningempeleka huko. Mida ni bonde la maji ya chumvi la kilomita za mraba 32 hivi, lenye mlango mwembamba wa bahari, limezungukwa na mikoko ya kila aina: mkoko, mchu, muia, mkandaa na mlilana. Maji yakipwa, sehemu kubwa huwa matope na mchanga mtupu kwa jicho la haraka. Chini yake kuna kaa, chaza, minyoo na viluwiluwi vya samaki visivyohesabika. Sehemu hii imo katika eneo la hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka wa 1968.

Ndege wa kutafutwa hapa ni mla kaa, Dromas ardeola. Ni mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kuliko wa ndege yeyote wa ukubwa wake anayetembea matopeni. Maisha yake yanaiunganisha pwani hii na Oman na Ghuba kwa namna ya pekee. Kuanzia Aprili hadi Julai huzaa katika fukwe na visiwa vya upande huo, kutoka Somalia na Oman hadi Iran, ambako joto ni kali kupita kiasi. Hatagi juani kama wenzake. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe ndani yake, na joto la mchanga linamsaidia kuliatamia. Hakuna ndege mwingine wa jamii ya vitwitwi afanyaye hivyo. Kinda likishaweza kuruka, wazazi husafiri nalo hadi huku, nalo huendelea kuwaomba chakula kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo katika Mida unaweza kumwona kijana wa rangi ya kijivu akimfuata mzazi matopeni akilia, na mzazi akimpa kaa. Makao yao ya kaskazi ni machache, na hili ni mojawapo ya yale makubwa.

Njia ya mbao ya Mida, iliyojengwa juu ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia, inaendeshwa na jamii ya hapo. Nenda alasiri ya bamvua, ufike mapema, ukae kibandani. Utaona maji yakiingia, na ndege wakisogezwa: wala kaa kwa makundi, sululu, vitwitwi wenye mdomo uliopinda juu wanaokimbia kama waliochelewa, na wadogo wasioisha kuhesabiwa. Maji yakishajaa, sululu hupanda juu ya mikoko kungoja yapwe. Sehemu ya fedha inayolipwa na wageni huingia katika mpango wa ASSETS, ulioanzishwa mwaka wa 2001 na shirika la A Rocha Kenya, unaosaidia karo za sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyopakana na Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna watu wazima leo waliosomeshwa kwa matope haya. Nani atasema tena kwamba hayana faida?

Arabuko-Sokoke

Ng'ambo ya barabara kuu kutoka Mida unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420, msitu mkubwa kuliko yote ya pwani ya namna hiyo iliyobaki katika Afrika Mashariki. Ndani yake kuna misitu mitatu. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko wenye mbambakofi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni miti ya mirihi iliyoachana, yenye mwanga mwingi. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni kichaka kirefu cha miti ya Cynometra, kizito, kikavu, kisicho na mandhari ya kuvutia mgeni wa basi. Kila msitu una ndege wake, na anayetaka kuwaona wote lazima apite kote.

Katika mirihi, tafuta makundi yanayosafiri pamoja, ndege wa aina nane au kumi wakichakura wadudu kutoka mti hadi mti. Ukikutana nalo usikimbie mbele yake, simama. Juu kabisa huenda ukamwona chozi wa Amani, mdogo na mwenye kupenda vilele, na mara nyingine mnana wa Clarke, ambaye nitamrudia. Chini, kwenye majani makavu, sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu anachakura, na ndege wadogo wanamfuata wapate wadudu anaowafurusha.

Na katika kichaka kile chekundu kinachodharauliwa anaishi bundi mdogo wa Sokoke. Urefu wake haufiki sentimita 20. Sayansi haikumjua hadi mwaka wa 1965, na nje ya Kenya amepatikana tu katika misitu ya chini ya Usambara, Tanzania. Wengine ni wa kijivu, wengine wa rangi ya kutu kama udongo. Mchana hulala kwenye matawi ya chini, wawili wawili, wamebanana, nawe unaweza kupita umbali wa hatua tatu usiwaone. Waongozaji wa msitu huu, wengi wao vijana wa Kigiriama waliokulia pembezoni mwake, wanajua kila jozi ilipolala. Bila wao mgeni mwenye darubini ya bei ghali hurudi mikono mitupu. Maarifa yao ni taaluma, na yanastahili malipo ya taaluma.

Jirani, katika magofu ya Gede, mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa za vipepeo kutoka kwa wakulima wa pembezoni mwa msitu tangu mwaka wa 1993 na kuziuza ng'ambo. Magofu yenyewe, yenye miti mikubwa juu ya kuta, ni mahali pazuri pa kumtafuta yule mgeni wa kusi mwenye kifua cha madoadoa, kati ya Mei na Septemba, akitembea polepole kwenye majani chini ya miti.

Sabaki na Dakatcha

Kaskazini kidogo mwa Malindi, mto Sabaki unaingia baharini. Maji yake ni mekundu, kwa kuwa yamepita Ukambani na Tsavo, na mwanzo wake unakusanya maji ya Nairobi. Udongo huo umejenga fungu la mchanga, vidimbwi na matope yanayobadilika umbo kila mwaka. Wenye hoteli za Malindi huulalamikia mto kwa kuchafua rangi ya bahari. Ndege wameupenda: shakwe na jamaa zao wenye mkia wa panda hulala hapo kwa maelfu miezi ya kaskazi, flamingo husimama kwenye maji ya kina kifupi, na wakati wa kusi wale wageni wa Madagaska hukusanyika hapo zaidi kuliko mahali pengine pengi. Nenda na mwongozaji wa hapo, kwa kuwa mto una viboko na mchanga wake huzamisha.

Ukitoka hapo kuelekea magharibi na kaskazini utaingia Dakatcha, nchi ya mirihi na vichaka, maskini kwa maji. Sasa namrudia mnana wa Clarke. Ndege huyu, mwenye tumbo la manjano na kichwa cheusi, haishi popote duniani isipokuwa Kaunti ya Kilifi. Alitambuliwa na sayansi mwaka wa 1913. Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyejua kiota chake kiko wapi. Vilitafutwa juu ya mirihi ya Arabuko-Sokoke, ndege wakaonekana wakilisha makinda yao, viota havikuonekana. Hatimaye Machi 2013 viota vilipatikana, na si mtini. Vilikuwa katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, vimesukwa kwenye matete juu ya maji ya mvua. Wanakijiji wa kikundi cha uhifadhi cha hapo walikuwa sehemu ya msako huo.

Fikirini juu ya kinamasi hicho. Mwaka mwingi ni kikavu, hakina maji, hakina matete ya kijani, na mpimaji akipita Februari ataandika kwamba ni uwanda usio na kitu. Miaka michache kabla ya ugunduzi huo kulikuwa na mpango wa kulima mibono ya mafuta kwenye hekta 50,000 za nchi hiyo. Ulipingwa na wakazi na wahifadhi, ukazuiwa. Kama ungepita, huenda tungeyaangamiza mazalio ya aina nzima ya ndege bila hata kujua kwamba tulikuwa nayo.

Adabu ya mtazamaji

Nina maneno machache kwa wanaoanza. Darubini ya kawaida inatosha, na daftari ni bora kuliko kamera, kwa sababu linakulazimisha utazame. Vaa rangi tulivu. Usiwarushe ndege wa ufukweni ili upate picha: kila wanaporuka wanapoteza nguvu wanazozihifadhi kwa safari, na maji yakijaa hawana mahali pengi pa kwenda. Usimchezee bundi sauti ya bundi mwenzake kwenye simu, kwa kuwa anaacha kuwinda akidhani amevamiwa. Mwulize mwenyeji ruhusa kabla ya kupita shambani. Na uandike: tarehe, mahali, saa ya maji, aina na idadi. Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, Kenya Bird Map, unapokea taarifa za mtu yeyote aliye makini, nayo Makumbusho ya Taifa huandaa hesabu ya ndege wa majini kila mwanzo wa mwaka. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina taarifa chache kuliko inavyostahili.

Hapo ndipo nataka kumalizia. Ardhi ya pwani inauzwa kwa kasi, na kila mpango mkubwa hutanguliwa na tathmini ya mazingira. Mara nyingi mtaalamu hufika kwa siku chache, katika msimu mmoja, akaandika alichokiona. Siku chache za kufika maji yakiwa yamejaa, katika mwezi usio na mvua, zinatosha kuitangaza Mida maji matupu na Dakatcha jangwa. Jibu la maana ni hesabu za wenyeji, zilizoandikwa wiki baada ya wiki, kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, kiasi kwamba hakuna atakayeweza kuandika kwamba hapana kitu bila kupingwa kwa ushahidi.

Nairobi ina matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi tangu mwaka wa 1971, na yamewalea wataalamu wengi wa nchi hii. Mombasa ina bahari, mikoko, kaya na misitu, na inastahili matembezi yake ya kila wiki, ratiba yake ikifuata jedwali la maji. Tuanze na mahali panne: Tudor, hori la Mtwapa, Haller Park na Gazi. Tunahitaji watu wawili kwa kila mahali, mmoja wa kuhesabu na mmoja wa kuandika, watakaokubali kwenda mwaka mzima bila kukosa. Daftari liko mezani karibu na mlango. Aliye tayari aandike jina lake na mtaa wake kabla hajaondoka, na matembezi ya kwanza yatakuwa bamvua inayokuja.